Mwembe wa Uani

Kwetu visiwani mti ni kivuli, ni chakula, na ni urithi pia. Si ajabu, Unguja au Pemba, kukuta ardhi ni ya huyu na mnazi uliosimama juu yake ni wa yule, na wote wawili wakaishi kwa salama mpaka siku mmoja wao atakapotaka kujenga au kukata. Kwa hivyo nilipotambua kwamba mwembe ulio nyuma ya nyumba yetu hauna budi kuondoka, nilitambua pia kwamba sina haki ya kuuamulia peke yangu. Nyumbani nakaa mimi, lakini mwembe aliupanda mama, na mama ametuacha watoto watatu.

Aliupanda kwa kokwa ya embe dodo mwaka aliozaliwa dada yangu, na kitovu cha dada kikazikwa papo hapo. Mimi na kaka tuliukuta umeshasimama. Chini yake tulisomeshwa juzuu, tukapigwa, tukapozwa. Chini yake nilianza kutunga mashairi, na miaka ya baadaye nikaketi hapo na kamusi mbili mapajani nikijifunza kufasiri, kazi ambayo hakuna chuo kilichonifundisha. Naandika haya ili msomaji asidhani kwamba nilikuwa na haraka ya kuukata.

Mei 2024, kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilipokuwa kikiisogelea pwani ya Tanzania na safari za boti baina ya Unguja na Dar es Salaam zikasitishwa, nilikesha. Wazee walitusimulia sana habari za kimbunga cha 1872, kilichoing'oa mikarafuu ya Unguja na kuifanya Pemba ndiyo iwe kisiwa cha karafuu. Hadithi ile siku zote niliisikia kama habari ya mashamba. Sikuwahi kuifikiria kuwa inahusu uani kwangu. Usiku ule upepo haukutufikia kwa nguvu iliyokhofiwa. Hata hivyo, kabla ya alfajiri, mwembe ulitoa mlio mkavu, mlio wa kitu kinachoachana na kitu. Kulipokucha nikaona ardhi ya upande wa mashariki imefanya ufa unaoingia kidole, na shina limezidi kulalia magharibi, iliko nyumba ya jirani. Chini ya tawi kubwa kuliko yote kipo chumba wanacholala watoto wake.

Jirani alikuja baada ya sala ya Isha. Akanijulia hali, akatazama juu, akaniaga. Hakusema neno. Siku ya pili nikaona amevitoa vitanda vya watoto na kuvipanga ukumbini.

Wa kwanza niliowaita walikuwa vijana wawili wenye shoka, mapanga na kamba moja ya katani. Walitaka ujira mdogo na waliahidi kumaliza kabla ya adhuhuri. Niliwauliza tawi lile litaangukia wapi. Mmoja akanijibu, "Mungu ndiye ajuaye, mzee wangu." Ni kweli kwamba Mungu ndiye ajuaye. Lakini nilikuwa nimeshaona mti ukikatwa kwa jawabu hilo mtaa wa pili, ukaangukia paa la bati na waya wa umeme, na mwenye mti akalipa mabati, akalipa waya, kisha akabaki na lawama ambayo hailipiki. Nikawashukuru, nikawapa nauli.

Wa pili alikuwa mtu wa makamo aliyeanza ujana wake kuwa mkwezi wa minazi, kisha akajifunza msumeno wa moto. Sasa ana wasaidizi watatu, kofia ngumu, mikanda ya kupandia na kamba nene zisizohesabika. Bei yake ilikuwa mara nne ya ile ya vijana. Sikuificha sura yangu, naye hakuuficha mwenendo wake: hakupunguza. Alisema tu, "Maalim, kwanza niutazame. Huenda usihitaji kukatwa."

Nilitaraji atazame juu. Alitazama chini. Akaondoa majani makavu shinani, akanionyesha uyoga mgumu ulioota kama rafu ndogo pale shina linapokutana na ardhi. Akalizunguka shina akiligonga kwa mgongo wa shoka, hatua kwa hatua, kama daktari agongavyo kifua. Upande wa magharibi ukaitika kwa sauti nzito. Upande wa mashariki ukaitika kama ngoma. Akachoma ncha ya nondo penye sauti ya ngoma, ikazama mpaka ngumi yake ikagusa gome. Kisha akasimama juu ya ule ufa, akaniuliza:

"Hapa palichimbwa nini?"

"Karo."

"Lini?"

"2011."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi mizizi ya kuushikilia upande huu iliondoka siku hiyo. Mti mkubwa haufi siku ya jeraha. Kuoza huingia hapo, kukapanda ndani, na juu majani yakaendelea kuwa mabichi."

Nilikaa kwenye baraza. Miezi yote ile nilikuwa nikimlaumu mchwa, upepo na uzee. Aliyeushika ule mtaimbo na kukata mizizi minene kama paja langu alikuwa mimi.

Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam alikubali kwa simu moja. Dada hakukubali. Yeye aliolewa Maskati miaka mingi, na kila msimu wa embe hupiga simu kuuliza kama dodo zimeshaiva na nani amepelekewa. Nilipomweleza, alinyamaza, kisha akasema, "Mdogo wangu, unataka kuikata sadaka ya mama?"

Nilijua anakusudia nini. Sote tumefundishwa kwamba apandaye mti, akala kwao mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Mama hana tena ulimi wa kuomba wala mkono wa kutoa, ana mwembe. Kila mtoto apitaye na kuokota embe anamwongezea kitu. Nilimjibu dada kwa kanuni nayo tuliyofundishwa, kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana, na kwamba mti utakaomwangukia mtoto wa jirani hautakuwa sadaka tena. Lilikuwa jawabu sahihi, lakini halikuwa jawabu zima. La karo sikumtajia.

Akaomba basi tungoje embe za mwisho. Nikampelekea fundi ombi hilo. Akasema, "Embe ni mzigo, Maalim. Tawi hili likibeba matunda, na vuli ikailowesha ardhi, sitampandisha kijana wangu kwa bei yoyote." Nikafahamu kwa nini bei yake haipungui: ndani yake mlikuwa na roho ya kijana wake.

Usiku ule nikaandika ubeti, kwa sababu hiyo ndiyo njia yangu ya kukimbia:

Mwembe wetu wa uani, leo siku imefika,
Kivuli cha utotoni, polepole chatoweka,
Ndege wako wa tawini, kwengineko wameruka,
Si chuki iliyo ndani, ni khofu ya kuanguka.

Nilipousoma, kituo kikanisuta. Khofu ya kuanguka ya nani? Nikampigia dada usiku huo huo nikamwambia yote: ufa, ngoma, nondo, karo, mtaimbo, mkono wangu.

Alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza, "Karo lile ndilo la choo cha ndani? Kile ulichomjengea mama aliposhindwa kutembea mpaka choo cha uani?"

"Ndilo."

"Basi ukateni. Na fundi nitamlipa mimi." Baada ya kitambo akaongeza, "Kisiki msiking'oe. Pale pana changu."

Mambo ya kibali hayakuchukua muda mrefu. Nilianza kwa sheha, akaniandikia barua. Nikenda nayo kwa watu wa misitu, akaja ofisa mmoja, akaona ufa na nondo ikizama, akaandika. Mimi na fundi tukaandikiana karatasi mbele ya mashahidi wawili: kazi ni ipi, magogo yatapelekwa wapi, nani atafagia, na bati la jirani likivunjika nani atalipa. Namshauri kila mwenye mti uani asione haya kuuliza la mwisho. Fundi wa kweli halichukii swali hilo.

Ilikuwa mwishoni mwa Septemba, mwembe umechanua. Asubuhi umeme ulikatwa kwa muda kwa ombi letu, jirani akahamisha watu na kuku. Fundi akapiga bismillahi, na kijana akapanda.

Nilikuwa nikidhani mti hukatwa chini ukaanguka. Huu ulishushwa kutoka juu, kipande kwa kipande. Kila tawi lilifungwa kamba kwanza, kamba ikapitishwa kwenye panda iliyo imara juu yake na kuzungushwa shina la mnazi wa jirani, ambako msaidizi aliilegeza kwa kiasi. Kijana alikata kidogo upande wa chini wa tawi, ndipo akakata juu, ili likiachia lisichune gome na kumvuta. Tawi likashuka likining'inia, na maua yake, taratibu, mpaka likakaa ardhini bila kishindo. Lile la juu ya chumba cha watoto lilitolewa kwa vipande saba. Nilivihesabu.

Shina lililobaki ndilo lililoangushwa. Fundi akalikata pengo upande wa uani kwetu, penye nafasi, kisha akaenda nyuma yake akakata juu kidogo ya usawa wa pengo, asimalize. Akaacha ukanda mwembamba wa mti usiokatwa. "Hii ndiyo bawaba," aliniambia. "Mlango hauanguki, hufunguka." Kwanza alikuwa ameshaonyesha kila mtu njia ya kukimbilia. Kamba zikavutwa, shina likafunguka kama alivyosema.

Nimefasiri kwa miaka mingi, na ufundi wangu niliupata kwa kuharibu karatasi. Neno nililolikosea jana nalifuta leo. Nilipowatazama wale watu nikaona kazi ambayo ndani yake hakuna kufuta, nikaona haya kwa siku niliyoikunjia uso bei yao.

Katikati ya shina palikuwa na uwazi wa kuingia mtoto, umejaa unga mwekundu. Nilikuwa na tamaa kwamba huenda fundi wa mitumbwi akalitaka, kwani mwembe ni mti wa mitumbwi. Alikuja, akatazama, akacheka kwa huruma. Matawi na shina vikanunuliwa kwa tanuu la chokaa. Fedha yake niliitoa sadaka kwa jina la mama.

Kisiki kipo, kama alivyotaka dada. Mche wa kokwa ya dodo mmoja wa msimu uliotangulia, aliokuwa ameuotesha mke wangu, umeshika upande wa pili wa ua. Fundi mwenyewe alipima hatua kutoka kwenye karo kabla hatujaupanda. Jua la alasiri sasa linaingia mpaka kwenye meza yangu, nami sijalizoea. Usiku wa siku ile, baada ya Isha, nilimsikia jirani akiburura vitanda, akivirejesha chumbani.