Chaki na Mulembe

Ndugu wasomaji, Assalaam alaykum. Misafara ya wazee wetu wa Pwani ilifika Mumias, Kakamega, zama za Nabongo Mumia, ikitafuta pembe za ndovu. Sisi vijana wawili tumefika na chaki, tukisomesha kwa kujitolea. Alasiri mvua hupiga mabati hata sauti zetu zisisikike. Basi twaandika ubaoni, watoto wakasoma kimya. Mshahara hatuna. Kwa simu mama zetu wauliza, "Mtarudi lini?" Nasi twajua tukiondoka, darasa litabaki bila mwalimu. Jioni jirani, asiye wa dini yetu, hutuletea ugali, wenyewe wauita obusuma, akitusalimu "Mulembe", yaani amani. Salamu yake na yetu, maana moja. Tuombeeni dua tuukamilishe mwaka.