Funguo za Bertrams

Bertrams ni mtaa wa nyumba kuukuu za mapaa ya bati, jirani na uwanja wa Ellis Park, Johannesburg. Wiki yangu ya kwanza hapo nilimlipa dipoziti kijana aliyenifungulia chumba kwa funguo zake. Jumamosi nikafika na begi. Tulikuwa wapangaji watatu, chumba kimoja; simu yake haipatikani.

Mama Mkongo wa jirani alinilaza sebuleni. “Ungeniuliza, mwanangu. Mwenye nyumba namfahamu.”

Tangu hapo nawaambia wageni: ulizeni majirani kwanza. Jina la mmiliki hupatikana kwenye ofisi ya usajili wa hati za nyumba, kwa ada ndogo. Daini risiti pia; sheria ya upangaji ya 1999 inamlazimu mwenye nyumba kuitoa.