Kofia ya Babu Katika Mirathi

Tulipokwisha kumzika marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, na kulipa madeni aliyoyaacha, tuliketi nyumbani kwetu Kondoa kuorodhesha mali yake. Kazi ilikuwa nyepesi: nyumba, shamba la alizeti na uwele, ng'ombe wanne, cherehani mbovu. Kilichotuweka mpaka adhana ya Alasiri ni kofia iliyokuwa ndani ya sanduku la bati, chini ya kanzu zake.

Kofia hiyo tuliijua tangu utotoni. Tuliambiwa kwamba Babu alimpokonya afisa wa Kijerumani usiku wa mapigano ya mwaka 1916, naye afisa akakimbia kichwa wazi. Hadithi hiyo tuliisimulia shuleni, na aliyethubutu kuipinga tulipigana naye.

Siku hizo alikuwa amepita mnunuzi wa vitu vya kale, mtu wa kukusanya rupia za Kijerumani, vifungo na kofia za askari. Alitaja bei ya ng'ombe wawili. Dada yetu, mwenye watoto watatu shuleni, alitaka iuzwe. Kaka mkubwa hakutaka hata kulisikia jambo hilo. Shehe tuliyemwita atusimamie alisema kwamba chochote chenye thamani alichokiacha maiti ni cha warithi wote, hata kiwe kofia. Ama kiuzwe na thamani yake igawanywe kwa mafungu ya sharia, ama mmoja akichukue katika fungu lake, ama wote waridhiane kukihifadhi. Akaongeza kwamba kwanza tujue ni kitu gani tunachokigawa.

Basi tukaanza kuisoma kofia. Mpwa wetu alifungua katika simu picha za Walther Dobbertin, Mjerumani aliyeishi humu nchini akipiga picha mpaka wakati wa vita ile, ambazo leo zimo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Tukalinganisha moja moja. Afisa Mzungu alivaa kofia ngumu ya jua, au kofia pana ya kijivu iliyokunjwa ukingo upande mmoja. Yetu si hiyo wala hii. Yetu ina kiunzi cha fito nyembamba zilizosukwa mithili ya kikapu, juu yake kitambaa cha kaki, kisogoni mabaki ya pazia la kukinga shingo na jua, na mbele tai wa madini. Katika picha zile kofia ya namna hiyo imo vichwani mwa watu weusi, safu kwa safu.

Asili yake inatuhusu sisi Waislamu kuliko tulivyodhani. Askari wa kwanza wa Wissmann, mwaka 1889, wengi walikuwa Wasudani walioajiriwa Misri, ambako tarbushi nyekundu ilikuwa vazi la jeshi. Jeshi la koloni, lililoitwa Schutztruppe, likaichukua: nje ya kazi askari alivaa tarbushi nyekundu, na vitani umbo lilelile likavishwa kaki na kubandikwa tai wa Kaisari.

Kwa hiyo Babu hakumpokonya afisa yeyote. Ama aliivaa mwenyewe, ama aliivua kichwani mwa Mwafrika mwenzake.

Kaka mkubwa alisimama. "Mnamfanya Babu mwongo, na yeye yuko kaburini!"

Shangazi yetu, binti wa Babu aliyebaki, alimwambia aketi. "Mwanangu, aliivaa mwenyewe," akasema. Babu alikuwa katika boma la hapahapa, ambako kombania ya 13 iliwekwa kabla ya vita. Majeshi ya Afrika Kusini chini ya jenerali van Deventer yaliingia Kondoa Aprili 1916, na usiku wa tarehe 9 Mei von Lettow-Vorbeck akajaribu kuurudisha mji, akashindwa. Wajerumani walipoondoka, Babu alibaki vilimani kwa ndugu zake. Kisha wakatawala Waingereza. Nani angejisifu mbele ya karani wa Mwingereza kwamba alibeba bunduki ya Mjerumani? Kofia ikapata hadithi nyingine, na hadithi ikamzidi umri mwenyewe.

Tulidhani yamekwisha. Lakini mama yetu ni mzaliwa wa Songea, na muda wote huo hakuitazama kofia. Kwao, Februari 1906, viongozi wa Wangoni walinyongwa kwa sababu ya Vita vya Maji Maji. Kisha askari wa kofia kama hii wakachoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Aliuliza swali moja tu, kwa upole, kama wifi anavyomuuliza wifi: "Mwaka ule mzee alikuwa wapi?"

"Alikuwa mtoto, akichunga mbuzi," Shangazi akajibu.

Mama aliitikia kwa kichwa. Kama aliridhika, hatukumuuliza.

Shangazi alikuwa na jambo jingine. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa malimbikizo ya mshahara askari wake waliokuwa bado hai. Yasimuliwa kwamba wazee walikusanyika Mwanza, baadhi wakiwa na vipande vya sare kama ushahidi. Babu alikuwa hai, na ushahidi alikuwa nao mzima, una na tai. Habari zilimfikia. Alisema safari ni ndefu, akaenda shambani.

Mwisho aliyezuia kofia isiuzwe ni Mama, mwenye haki ya thumni. Alisema pesa ile asingeila, na kitu kile asingependa kikae kwa mgeni asiyejua kimetenda nini. Wengine tukaridhia. Fungu la dada, kaka mkubwa alilinunua kwa fedha zake, bila kusema neno.

Imerudi sandukuni, na karatasi tuliyoiandika: "Kofia ya askari. Aliivaa Babu. Kondoa, 1916." Mfuniko huwa tunaufunga, maana chumba hicho huswaliwa na tai yule ana umbo la kiumbe. Kaka mkubwa hakuitia saini karatasi ile, na wiki iliyopita tulimsikia barazani akiwasimulia wajukuu habari za afisa aliyekimbia kichwa wazi.