Kwa Rehema, kuhusu kugeuka uwanjani

Mpwa wangu Rehema,

Mama yako ameniambia umeingia timu ya netiboli ya shule, ila mwalimu analalamika kwamba una mbio lakini unachelewa kugeuka. Sikiliza, mwanangu.

Kugeuka huanza na kusimama. Ukiwa kwenye kasi, mwili wote unataka kuendelea mbele, na wa kuuzuia ni misuli minne ya mbele ya paja. Goti linapokunjika, misuli hiyo huvutwa ikarefuka huku yenyewe imekaza. Msuli unaokaza huku ukivutwa hutoa nguvu kubwa kuliko unapojifupisha, na ndiyo maana kesho yake mapaja huuma. Usingoje hatua ya mwisho, basi. Anza kupunguza mwendo hatua moja kabla: shusha kiuno, kunja magoti, ndipo upige chini mguu wa nje. Ukienda kushoto, unasukuma na wa kulia. Hapo kazi ni ya matako na mashavu ya miguu.

Kinachonitia wasiwasi ni goti. Katikati yake kuna kano inayozuia mfupa wa muundi usiteleze mbele. Mguu ukiwa karibu umenyooka, misuli ya mbele ya paja huuvuta muundi kwenda mbele. Ya nyuma ya paja ndiyo huurudisha. Mara nyingi kano hiyo hukatika mchezaji hajaguswa na mtu, anapotua au kugeuka, hasa goti likilalia ndani, na wasichana huumia hivyo zaidi ya wavulana. Netiboli inaongeza mzigo: ukishadaka, mguu uliotua kwanza ukiuinua huruhusiwi kuurudisha chini kabla mpira haujakutoka, kwa hiyo unalazimika kusimama ghafla.

Imarisha nyuma ya paja. Piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, kisha shuka mbele polepole, mwili umenyooka, mpaka mikono ikupokee. Zoezi hili limo katika programu ya FIFA 11+ ya kupasha mwili joto, ambayo hufanywa angalau mara mbili kwa wiki. Anza na machache, maana linauma kweli. Na mwenzako akutazame unapotua: goti lielekee vidole vya mguu.

Nitumie namba ya kiatu chako nikununulie raba zenye soli nzuri.

Mjomba wako akupendaye