Mashine ya Kupima Sukari Nyumbani

Huku kwetu Rumangabo, katika barabara ya kutoka Goma kwenda Rutshuru, mtu aliyejifunza Kifaransa seminarini hana mapumziko. Huyu aleta barua ya tribinali, yule karatasi ya shule, mwingine kikaratasi kilichokunjwa mara kumi, alichokitoa katika kisanduku cha dawa. Siku hizi vikaratasi vingi tuletewavyo ni vya mashine ndogo ya kupima sukari ya damu, ile ikaayo katika kiganja cha mkono. Mmoja amepelekewa na mtoto wake aliye Kampala, mwingine ameinunua Goma kwa pesa ya maharagwe. Wote watuuliza neno lile lile: Je, yafaa? Sisi si waganga. Lakini tumesoma vikaratasi vingi, tumewauliza wauguzi, na tumeona nyumba ambamo mashine hiyo imeleta faida, na nyumba ambamo imeleta ugomvi tu.

Kwanza tueleze kazi yake. Mgonjwa hujichoma ubavuni mwa kidole kwa kisindano, maana hapo huuma kidogo kuliko nchani. Tone la damu hulitia penye bandeleti, yaani ukanda mdogo uliochomekwa katika mashine. Ndani ya ukanda huo mna dawa ambayo ikikutana na sukari ya damu huzaa umeme kidogo sana. Mashine hupima umeme huo, na baada ya sekunde chache huonyesha hesabu. Yatumia betri ndogo kama ya saa, basi hata nyumba isiyopata umeme wa Matebe yaweza kuitumia.

Zamani, huko India, waganga waliutambua ugonjwa huu kwa kuona chungu wakikusanyika penye mkojo wa mgonjwa. Mwaka 1965 kampuni ya Ames ya Marekani ilileta Dextrostix, ukanda uliogeuka rangi kwa damu yenye sukari, na mwaka 1970 ikaleta mashine ya kuisoma rangi hiyo. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja, nayo iliuzwa kwa madaktari na hospitali tu. Injinia mmoja, Richard Bernstein, aliyekuwa mgonjwa wa sukari tangu ujana wake, aliipata kwa sababu mke wake alikuwa daktari, akaanza kujipima mwenyewe nyumbani mara nyingi kwa siku. Alipowaeleza madaktari faida aliyoipata, hawakumsikiliza. Basi akaingia shule ya udaktari akiwa amepita miaka 40, akawa daktari yeye mwenyewe. Habari hiyo twaipenda sana. Mgonjwa ndiye aliyeonyesha njia.

Sasa tuje kwa jambo lililotusumbua. Katika shirika letu mna wagonjwa wawili wa sukari. Mmoja ni binti wa miaka 14, ambaye mwili wake hautengenezi insulini kabisa, naye hujichoma sindano kila siku. Wa pili ni mzee wetu mmoja, aliyepita miaka 60, anywaye vidonge vya metformini. Mchango wa shirika ulitosha kununua mashine moja na bandeleti za miezi michache. Wengi walisema apewe mzee, kwa kuwa ni mzee, na kwa kuwa ndiye aliyetangulia kuomba. Heshima ni kitu chema. Lakini hapa si habari ya kiti cha mbele.

Mtazame binti. Insulini yashusha sukari, iwe amekula au hakula. Akichelewa kula, au akienda kulima baada ya sindano, sukari yaweza kuanguka. Hapo atatoka jasho, atatetemeka, atasema maneno yasiyo na maana, na mwisho ataanguka. Mtu asiyejua atasema ni malaria, au amerogwa, au amekunywa kasiksi. Mashine yamaliza mabishano hayo kwa dakika moja: ikionyesha chini ya 70, apewe mara hiyo sukari ya vijiko vya chai vitatu au vinne katika maji, wangoje dakika 15, wampime tena. (Na kama mashine haipo karibu, apewe sukari bila kungoja. Kama amezimia, asitiwe kitu kinywani. Apelekwe upesi kwa mwuguzi.) Kwa upande mwingine, akiwa na homa na kutapika, na hesabu imepanda kupita 250 isitake kushuka, ndugu zake wajue kwamba si jambo la kungoja asubuhi.

Tena maisha yetu hayana utaratibu ule ambao vitabu vya madaktari huutazamia. Mwezi wa Oktoba 2022 vita vilipofika Rumangabo, watu wengi walikimbilia Kanyaruchinya karibu na Goma, wakalala chini ya turubai. Leo mtu ala viazi na maharagwe mara mbili, kesho ala uji mara moja jioni. Daktari aliyemwandikia insulini alidhani atakula kama jana. Mtu wa insulini katika hali hiyo asiye na kipimo ni kama dereva ashukaye mlima usiku bila taa. Na faida si ya siku ile tu. Mwaka 1993 Wamarekani walitangaza matokeo ya uchunguzi mkubwa wa wagonjwa 1,441 wa insulini. Nusu yao walijipima mara nne au zaidi kila siku na kupanga sindano zao kwa hesabu hizo. Na kati ya wale ambao macho yao yalikuwa bado mazima, hatari ya kuharibika macho ilipungua kwa 76 katika mia. Haki yataka tuseme pia kwamba hao walianguka kwa upungufu wa sukari mara tatu kuliko wenzao. Kwa hiyo kipimo na chakula ni lazima viende pamoja.

Mzee naye? Metformini peke yake ni nadra kuangusha sukari. Akijipima asubuhi akaona 190, atafanya nini? Hawezi kuongeza kidonge kwa nguvu zake. Atakaa na hesabu hiyo moyoni mpaka siku ya kumwona mwuguzi, na pengine atamgombeza mke wake kwa ajili ya mandazi. Huo si mzaha wetu. Mwaka 2008, katika Ireland ya Kaskazini, wagonjwa wapya wasiotumia insulini waligawanywa: wengine walijipima nyumbani, wengine hawakujipima. Baada ya mwaka mmoja sukari yao haikuwa na tofauti, ila wale waliojipima walikuwa na huzuni zaidi. Mwaka 2017 huko North Carolina, katika Marekani, watu 450 wa namna hiyo walifuatwa mwaka mzima, na mwisho hapakuonekana tofauti ya maana kati ya waliojipima kila siku na wasiojipima kamwe. Kipimo kimfaacho mzee ni kile cha maabara kionyeshacho wastani wa sukari ya miezi miwili au mitatu iliyopita, pale kinapopatikana, pamoja na kupimwa kituoni kwa siku alizopangiwa. Tungesema vingine kama angekuwa anakunywa vidonge vya glibenklamidi, maana hivyo vyaweza kuangusha sukari kama insulini. Mwenye vidonge hivyo amwulize mwuguzi wake.

Basi shirika likakata shauri: mashine kwa binti. Kwa mzee, pesa kidogo iliyobaki ilinunua viatu vya kufunika miguu. Wengine walicheka. Lakini wenye kuijua ardhi yetu, ile ya mawe makali ya volkano, na wenye kujua jinsi mguu wa mgonjwa wa sukari unavyokufa ganzi, usihisi jeraha mpaka linuke, hawacheki. Mzee alivipokea, ila hakuridhika. Asema naye ataka kuona hesabu yake. Hatumlaumu, mtu hupenda kujua yaliyomo mwilini mwake.

Tumwambie yeye na wengine kwamba hesabu hiyo si neno la mwisho. Kwa kanuni ya mwaka 2013 ambayo mashine hizi hupimwa nayo, hesabu yaruhusiwa kupita au kupungua kwa 15 katika mia. Ikionyesha 120, sukari yenyewe yaweza kuwa 102 au 138. Basi usishangilie 131 ya jana kuwa 120 leo. Aliyemenya embe au kutafuna muwa bila kunawa atapima sukari ya kidole, si ya damu. Anawe kwa maji na sabuni, ajifute akauke. Kichupa kisipofunikwa vizuri, unyevu waharibu bandeleti. Mwenye upungufu wa damu, kama watoto wengi waliotoka katika malaria, aweza kuonyeshwa hesabu ya juu kuliko kweli. Tena bandeleti nyingi huharibika miezi mitatu baada ya kichupa kufunguliwa. Mtu ajipimaye mara mbili kwa wiki atakuwa ametumia 26 tu katika 50, na zilizobaki ni za kutupa. Binti wetu ajipimaye mara tatu kwa siku amaliza kichupa siku ya 17.

Jambo jingine latutia hofu. Ikijulikana kwamba nyumba fulani ina mashine, majirani huja, nao hutaka kuchomwa kwa kisindano kile kile. Hapana! Kisindano ni cha mtu mmoja, na kile kikalamu kinachokishika pia, hata ukibadili sindano. Huko Marekani wazee waliotunzwa pamoja wameambukizana homa ya ini kwa njia hiyo hiyo, nao walikuwa na wauguzi.

Watu hutuuliza pia, kwa ajili ya kazi yetu, kama kujipima kabla ya Komunyo kwavunja mfungo. Kutoa tone la damu si kula. Maji na dawa havivunji mfungo, na mgonjwa aliyelazimika kula aweza kupokea hata kama saa moja haijapita. Ndivyo isemavyo kanuni ya 919 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983. Binti aonaye 60 asubuhi ya Jumapili anywe sukari yake, asiogope.

Tuseme na habari ya hesabu za namna mbili. Mama mmoja alituletea mashine aliyotumiwa kutoka Uingereza. Alikuwa na furaha nyingi: mwuguzi alikuwa amemwambia hesabu ya asubuhi isipite 130, na mashine yake ilionyesha 14. Tulitazama kioo, tukaona imeandikwa mmol/l. Kwetu Kongo twahesabu kwa mg/dl, na ili kupata hesabu yetu ni lazima kuzidisha kwa 18. Sukari ya mama ilikuwa 252. Alikwenda kituoni siku ile ile. Mashine nyingine hufungwa kiwandani, haziwezi kugeuzwa. Mama huyo sasa ameandikiwa nyuma ya mashine, kwa wino, kwamba 4 ni 72, 7 ni 126, 10 ni 180.

Na kabla ya kununua, uliza kwanza bandeleti. Bandeleti za mashine moja haziingii katika nyingine, nayo mashine huuzwa kwa bei ndogo au hutolewa bure, kama mtu akupaye taa ili akuuzie mafuta. Mwezi wa Januari 2025 Goma ilipotekwa, uwanja wa ndege na mabenki vilifungwa, na kila mwenye duka la dawa ajua shida iliyofuata. Kwa ajili ya binti tuliuliza maduka matatu. Mashine nzuri kuliko zote, yenye kioo kikubwa, tuliiacha pale pale mezani, kwa kuwa bandeleti zake zilikuwa zimebaki vichupa viwili, na mwenye duka hakujua vingine vingekuja lini.