Mjomba, kreti ya huku ni boksi tu

Mjomba,

Umeuliza kreti ya bia ya huku St. Louis inaingia chupa ngapi. Ni 24, lakini usikimbilie kuilinganisha na 25 zako. Chupa yako ni nusu lita, ya huku mililita 355. Piga hesabu: kreti yako ina lita 12 na nusu, ya huku haifiki hata 9. Na wala si kreti, ni boksi la karatasi ngumu. Unalinunua kituo cha petroli, unalibeba kwapani, ukimaliza unalitupa. Hakuna wa kukudai chupa tupu. Yapo pia ya 12, ya 18 na ya 30. Ukialikwa kutazama mpira, mwenye haya huja na la 12. La 30 ni la mwenye nyumba anayeogopa kuaibika.

Kreti za mbao nimeziona juu ya gari la farasi. Anheuser-Busch, kampuni kubwa ya bia ya mji huu, inafuga farasi wa aina ya Clydesdale. Mwaka 1933, bia iliporuhusiwa tena baada ya marufuku ya miaka 13, wana wa mzee August Busch walimzawadia baba yao farasi hao na gari lao. Mpaka leo wanane hulivuta kwenye gwaride. Mjomba, ni wanyama! Begani wanafika sentimita 183, uzito karibu tani moja, miguu minne myeupe yenye manyoya yanayofunika kwato.

Na wote wanane ni madume waliohasiwa. Ni sharti, kama lilivyo sharti la rangi na kimo. Dume kamili akinusa jike hasikii tena la mtu, na tani moja isiyosikia, katikati ya watoto na ngoma, ni msiba. Majina yao ni mafupi: Duke, Captain, Bud. Dereva ameshika hatamu za kilo zaidi ya 15; hana nafasi ya kuita jina refu. Farasi wa mbio ndio wanaoruhusiwa mbwembwe, hadi herufi 18, nafasi zikihesabiwa.

Ila usidhani kisu humaliza kiburi. Kentucky, mwaka 1975, alizaliwa farasi mdogo wa umbo, mwenye magoti mabovu na hasira za ajabu. Alikuwa aking'oa makarai ya chuma ukutani na kuyakanyaga mpaka yawe bapa, wakamwita John Henry, jina la yule mtu mweusi wa hadithi za reli aliyeshindana kwa nyundo na mashine ya mvuke. Akauzwa dola 1,100. Wakamhasi atulie, hakutulia. Akatajwa farasi bora wa mwaka 1981, akarudia 1984 akiwa na miaka tisa, umri ambao wenzake wengi wameshastaafu. Alichuma zaidi ya dola milioni 6, na hakuacha hata mtoto mmoja wa kuuzwa kwa jina lake. Alikufa 2007, mkorofi vilevile.

Mimi ningemchagua huyo, ingawa gari la bia nisingethubutu kumfunga.

Wasalimie wote nyumbani.

Mpwa wako