Masaa Matatu Nyuma

Siku ile mvua ilinyesha Koboko tangu alfajiri, na mimi nilikuwa nimekwenda Arua kwa mkutano. Niliporudi jioni nilimkuta binti mmoja wa kikundi chetu cha vijana amekaa kwenye benchi ya ukumbi, kompyuta imefungwa mbele yake. Alikuwa anaomba ufadhili wa kusoma unesi. Maombi yalikuwa yanafungwa saa sita kamili mchana. Akaniambia, "Kaka, kompyuta ilisema saa nne."

Saa nne ya kompyuta ilikuwa saa saba ya kweli. Simu yake alikuwa ameipeleka kwa jirani mwenye sola ichajiwe, mbingu zilikuwa nyeusi, jua halikuonekana. Aliandika barua yake polepole bila intaneti ili asimalize emubii, akaisoma mara mbili, halafu akaunganisha mtandao kutuma. Ukurasa ukamwambia muda umekwisha. Alidhani ni mtandao unasumbua, akajaribu tena na tena.

Aliyeharibu saa ile ni mimi.

Kompyuta yetu ni ya zamani, ina RAM ya giga nne tu, tuliachiwa na mradi uliokwisha. Ilikuwa na Windows 10, na Microsoft wenyewe waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haiwezi kuingia humo, mashine haifiki masharti yake. Tena kila flashi inayotoka mjini ilituletea vairasi ile inayoficha mafaili yako na kukuachia vialama tu. Nikaamua kuweka Ubuntu pembeni. Windows sikuithubutu kuiondoa, kwa sababu ndani yake kuna hesabu za kikundi cha akiba cha akina mama, zimepangwa kwenye Excel. Ukipoteza hesabu za akina mama hapa, afadhali uvuke mpaka urudi ulikotoka.

Kuweka kwenyewe kulinichukua siku mbili. Kwanza Ubuntu ilikataa kuandika kitu kwenye upande wa Windows. Kumbe Windows ukiizima haizimiki kabisa, inalala nusu ili kesho iamke upesi, na diski inabaki kama nyumba ambayo mwenyewe hajatoka. Nikaenda kwenye mipangilio ya umeme, nikaondoa ule uwashaji wa haraka. Baadaye nikamaliza kila kitu, nikawasha upya, ikafunguka Windows moja kwa moja kana kwamba Ubuntu haijawahi kuwepo. Hiyo nayo ilikuwa ni foleni tu: mashine ilikuwa imeandikiwa kuanza na Windows. Nikabonyeza F2 wakati wa kuwasha, nikaweka Ubuntu ya kwanza, na menyu ikaja na majina yote mawili. Nilifurahi hadi nikawanunulia vijana soda.

Usiku uleule, Ubuntu ilipofunguka mara ya kwanza, niliona saa yake iko mbele masaa matatu. Niliona kwa macho yangu. Nikawasha intaneti ya simu yangu, saa ikajirekebisha yenyewe, nikasema basi, imepona.

Baada ya mambo ya binti yule nilimpigia fundi mmoja wa Arua. Akasema ni betri, ile ndogo kama kifungo cha koti, CR2032, inayotunza saa kompyuta ikiwa imezimwa. Nikapanda gari tena, zaidi ya kilomita hamsini, nikainunua, nikaibadilisha, nikaweka saa vizuri kwenye Windows. Jioni vijana wakafungua Ubuntu kwa somo la kuchapa, na intaneti ya simu yangu. Asubuhi Windows iko nyuma tena. Masaa matatu, si dakika moja zaidi.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri badala ya kununua. Betri iliyokufa ingenirudisha miaka mingi nyuma, mpaka mwaka ambao mashine ilitengenezwa. Betri haichagui masaa matatu. Na masaa matatu ni nini? Ni tofauti ya Uganda na saa ya Greenwich kule Uingereza.

Yaani ni hivi. Ndani ya mashine kuna saa moja tu, na mifumo yote miwili inaisoma. Windows imefuata desturi ya kompyuta za zamani: inaamini kwamba saa ile ni ya mahali ulipo. Ubuntu inaamini kwamba ni ya Greenwich, halafu inaongeza tatu ili ipate ya Uganda. Usiku Ubuntu inapata saa sahihi kwenye intaneti, inaandika ya Greenwich ndani ya mashine, inalala. Asubuhi Windows inasoma kilichoandikwa, inakiamini kilivyo. Hakuna iliyoharibika. Ukiitazama kila moja peke yake, inafanya kazi vizuri.

Dawa yake ni mstari mmoja, unaandikwa upande wa Ubuntu:

timedatectl set-local-rtc 1

Maana yake: na wewe isome saa ya ndani kama saa ya hapa. Ubuntu itakupa onyo kwamba si vizuri, kwa sababu kuna nchi zinazosogeza saa mara mbili kwa mwaka na mambo yanavurugika. Uganda hatusogezi saa. Nimeifanya, na tangu siku ile mifumo yote miwili inasema saa moja.

Lakini kuna kitu nilijiuliza sana. Vijana zaidi ya kumi walitumia kompyuta ile wiki nzima. Mbona hakuna aliyesema saa ni mbaya? Nikawauliza. Mmoja akajibu, "Sisi tulijua ni saa ya mahali pengine." Na kweli, hapa nani anashangaa saa zisipokubaliana? Kioo kinaandika 10:00, sisi tunasoma saa nne. Koboko iko pale Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana. Kongo ya mashariki iko nyuma yetu saa moja. Sudan Kusini tulikuwa nayo sawa, mpaka tarehe 1 Februari 2021 iliporudisha saa zake nyuma. Mama yangu, tuliyevuka naye kutoka upande wa Aru, simu yake bado inashika mtandao wa Kongo. Ukimwambia ibada ni saa tatu, anauliza kwanza, "Ya wapi?"

Mimi ndiye nilipaswa kuuliza hivyo usiku ule wa soda.

Nafasi ya binti yule haikurudi. Niliwaandikia wahusika nikaeleza kosa ni langu, wakajibu kwa upole kwamba asubiri awamu ijayo. Hakunigombeza, na hilo lilinichoma zaidi. Wiki iliyofuata alikuja ukumbini na saa ya ukutani aliyonunua sokoni kwa pesa yake, akanipa nyundo nipige msumari juu ya meza ya kompyuta. Chini yake akabandika karatasi: SAA YA UGANDA.

Mama alipopita kuniletea chakula aliitazama, akatazama simu yake, akasema saa yetu inakimbia.